Mwaka Nilionawiri

Shangazi Felista tulimzika mwaka jana, Mpanda, kwenye jua lile la Oktoba ambalo hata waombolezaji hulikimbia. Siku ya kuanua matanga nilikuwa nimekaa chini ya turubai napuliza chai yangu isiyo na sukari, akaja mzee mmoja mwenye kofia ya pama na tumbo la mtu anayemiliki mashine ya kukoboa mpunga. Alisimama mbele yangu akanitazama kama mtu aliyemwona ng'ombe wake wa zamani kwenye zizi la jirani. "Wewe ndiye Skola?" akauliza. Nikamwambia ndimi. "Mimi Masanja. Nilitaka kukuoa." Wanawake waliokuwa wanasugua masufuria wakaacha kusugua. Masanja akanikagua kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, kisha akasema kwa masikitiko ya kweli, "Lakini umekwisha, mama. Enzi zile ulikuwa umenona." Nikacheka msibani, jambo ambalo shangazi angekuwepo angenifinya kwa ajili yake. Yule mzee hakuwa ananitukana. Alikuwa anakumbuka mwaka mmoja wa maisha yangu, mwaka ambao mji mzima ulinisifu kwa uzuri, nami nilikuwa nusu ya njia kuelekea kaburini.

Mambo ya ukoo nitayaruka, maana sisi Wapimbwe wa Mamba tuko wengi na kila mmoja anayasimulia kwa namna yake. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wakati Mpanda bado iko Mkoa wa Rukwa na neno Katavi lilikuwa jina la mbuga tu. Nilikuwa na kisukari kile kinachowapata watoto, ambacho hakina kidonge. Ni sindano ya insulini kila siku, na ukiiacha unakufa, tena haraka. Nililetwa kwa shangazi kwa sababu dawa ilifika mjini kwa treni kutoka Tabora, na kutoka mjini kwenda kwetu Mamba wakati wa masika haikufika kabisa. Chumba changu kilikuwa nyuma, karibu na jiko, na kwenye kona yake palikuwa na chungu kikubwa kimejazwa mchanga uliolowa maji. Humo ndimo chupa ya insulini ilimokaa ikipoa. Wageni walidhani ni chungu cha mizimu na walikipita kwa adabu. Shangazi, Mkatoliki wa kutupwa, hakuwasahihisha, maana chungu kinachoogopwa hakiibiwi.

Vipimo vya vidoleni hatukuvijua. Tulipima mkojo. Unauchanganya na dawa ya bluu ndani ya kibomba cha kioo, unaushikilia juu ya moto mpaka uchemke, halafu unatazama rangi. Ukibaki bluu, sukari hakuna. Ukigeuka kijani, njano, na mwisho rangi ya tofali, mambo yameharibika. Shangazi aliiita kazi hiyo "kupika mkojo" na aliifanya kwenye jiko la mkaa pembeni ya sufuria ya maharage, akiwa na koleo yake maalumu, na hakuna mgeni aliyekula maharage kwetu baada ya kuona. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito wa mtego, na miaka ile ya tisini mtu mwembamba hakuulizwa anaumwa nini. Watu walikuwa wameshajijibu. Shangazi alipopita na mimi sokoni alisema kwa sauti, bila kuulizwa, "Huyu ni sukari. Sukari tu." Muuza dagaa aliitikia, "Ndiyo, mama," kwa ile sauti ya mtu asiyeamini.

Kwa hiyo mtaelewa furaha yake nilipoanza kunenepa. Ilianza baada ya Pasaka. Mashavu yalijaa kwanza, kisha macho yakavimba kidogo chini, kisha mikono ikawa laini na ngozi ikapata weupe fulani wa manjano. Chakula kilikuwa kinanishinda. Nilikula kama kuku na kunenepa kama nguruwe. Shangazi aliandaa wali wa Mamba na samaki wa Karema, migebuka iliyokaangwa ikakauka, mimi nikadonoa na kwenda kulala. Nililala asubuhi, nililala mchana, nililala nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Nilisikia baridi. Mpanda, mwezi wa tisa, wakati kuku wanatembea wamefungua midomo kwa joto, mimi nilivaa sweta na juu yake khanga mbili. Nywele zilinyonyoka, lakini kilemba kilizifunika. Nusu ya kila unyusi ilipotea kuelekea masikioni, na shangazi akazimalizia kwa wanja. "Umenawiri," walisema majirani. Muuza dagaa yule yule alinipa nyongeza.

Kanisani ndiko nilikochekesha zaidi. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, nikiimba juu kabisa mpaka popo wa darini wanahama. Baada ya Pasaka sauti ilianza kukwaruza, na mwalimu wa kwaya akanihamishia sauti ya pili kwa muda. Kufikia kiangazi nilikuwa ya tatu, mwanamke peke yangu kati ya vijana waliokuwa wanabalehe, na sauti zetu zilikuwa zinavunjika pamoja. Mwezi wa nane mwalimu alisimamisha wimbo katikati, akatega sikio, akanishika bega na kunipeleka kwenye benchi la nyuma, kwa wazee wa besi. Walinipokea vizuri. Mmoja alinisogezea nafasi akaninong'oneza, "Karibu, bwana." Siwezi kusema sikuumia. Niliumia, lakini hata kuumia nilikuwa naumia polepole, na machozi yalikuja nilipokuwa tayari nyumbani navua viatu.

Sasa kuhusu sukari. Tangu mwezi wa tano mkojo ulikuwa bluu. Kila ukipikwa, bluu. Tena nilianza kuanguka: natetemeka, jasho, naongea maneno ya ovyo, na shangazi ananimiminia asali ya Inyonga mdomoni mpaka nirudi. Bwana dawa wa zahanati akasema kwamba insulini imezidi, tuipunguze, na hapo alikuwa sahihi. Tukapunguza. Nikaanguka tena, shangazi akapunguza mwenyewe. Kufikia mwezi wa tisa bomba la sindano lilikuwa linavuta tone la kutazamia kwa miwani. Shangazi alipiga hesabu ambayo mtu yeyote mwenye mapenzi angeipiga. Mtoto amenenepa, mkojo ni bluu, dawa inakaribia sifuri. Akapiga magoti mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu sebuleni, akalia kwa furaha, akatangaza kwamba nimepona.

Tatizo likawa ni nani aliyeniponya. Shangazi alikuwa amesali novena kwa novena, zile sala za siku tisa, mpaka rozari ikakatika. Lakini jirani yetu Mzee Mlela, mstaafu wa reli, alikuwa ameniletea mzizi kutoka porini, mchungu kiasi kwamba ukiunusa tu ulimi unajikunja, nami niliunywa kwa kumheshimu. Jioni nililala kwenye mkeka barazani nimefunikwa blanketi, wao wakiamini nimesinzia, na niliwasikia wakigombania mwili wangu kama watu wa vyama viwili.

"Mzizi ule ulimtibu hata baba yangu," alisema Mzee Mlela.

"Baba yako alikufa."

"Alikufa kwa jingine. Sukari iliisha."

"Mzee Mlela, mimi sikatai mzizi. Nasema tu kwamba mizizi iko porini miaka yote, na mtoto amepona baada ya novena ya tisa. Sasa wewe jiulize."

"Najiuliza. Na Mungu akitaka kuponya anatumia nini? Si mzizi?"

Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Mimi chini ya blanketi nilikuwa na hoja ya tatu, kwamba mtu aliyepona haoni taabu kunyanyua kikombe, lakini sikuitoa. Nilitaka kuwaamini. Nilitaka kuliko wao wote wawili. Mtu ambaye hajawahi kuishi kwa chupa inayoletwa na treni hawezi kujua ilivyo kuambiwa kwamba treni huihitaji tena. Wakakubaliana kuwe na misa ya shukrani, Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi, kwaya nzima, mbuzi, na wakati wa matoleo shangazi ataipeleka chupa ya insulini na bomba lake altareni, amkabidhi Mungu, asivirudie tena. Padri alitangaza, na Mpanda yote ikajua kwamba Jumapili ile Skola anaacha sindano.

Ni katika kunawiri huko Masanja aliniona. Baba zake walikuwa wameshuka na ng'ombe kutoka kaskazini, wakaweka boma upande wa Kasansa, na yeye alikuja mjini mnadani akanikuta nimeegemea ukuta wa kanisa kwenye jua kali, nimejifunika sweta na khanga mpaka kidevuni. Alinisalimia. Niliisikia salamu, nikaitafutia jibu, jibu likaja baada ya muda mrefu, kwa sauti nzito. Mimi nilijua kwamba akili ilikuwa imelala. Yeye aliona msichana anayejisitiri, mweupe, mnene, asiyerukia maneno. Alimwambia Mzee Mlela kwamba wasichana wa mjini wanajibu kabla hujamaliza kuuliza, lakini huyu anapima. Mzee Mlela akafanywa mshenga papo hapo, na akaja kwa shangazi akitembea kama waziri.

Wageni walikuja kutuona Jumatatu ya wiki ile ile ya misa. Shangazi alifua vitambaa vyote vya kudarizi na kuvitandaza juu ya kila kitu kisichotembea: viti, redio, hata chungu changu cha mchanga. Masanja alikaa ukingoni mwa kiti, na pembeni yake akakaa dada wa baba yake, Bibi Kabula, mwanamke mrefu mkavu ambaye hakuangalia vitambaa hata kimoja. Aliniangalia mimi. Walikula wali na kuku, wakasifu. Waliniuliza maswali nikayajibu moja baada ya jingine, kwa mapumziko, na kila pumziko Masanja aliitikia kichwa kwa fahari. Ng'ombe walishaanza kutajwa, kwa mafumbo, kama adabu inavyotaka. Ndipo Bibi Kabula akatoa kibuyu cha maziwa mgando alichokuja nacho.

"Kwetu sisi," alisema, "mtoto hatumwoni kwa maneno. Anakunywa mbele yetu kwa mkupuo, bila kupumua. Kunywa, mayu, tukuone."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Ukinywa kibuyu lazima uinue kichwa, na ukiinua kichwa khanga inateleza. Iliteleza. Nikameza, nikameza, na nilipoteremsha kibuyu nikifuta masharubu ya maziwa niliona Bibi Kabula ameinama mbele kabisa, macho kwenye koo langu. Akaniomba nimeze tena, hata mate tu. Nikameza. Akakaa sawa, akanena na Masanja Kisukuma, taratibu, akitabasamu. Masanja akatazama sakafu. Walishukuru kwa chakula, wakasema jua linakwenda, nao wana mwendo. Shangazi alikijua Kisukuma cha mnadani. Aliwasindikiza mpaka njia panda akiwa bado anatabasamu, akarudi, akafunga mlango, akavua kilemba akakitupa juu ya redio.

"Amesema una rovu," aliniambia. "Amesema kuna kitu shingoni kinapanda na kushuka ukimeza, na kwamba hawezi kupeleka ng'ombe kwenye shingo ya namna hiyo. Wewe! Mtoto wa kaka yangu!"

Mzee Mlela alitumwa kuwakimbilia njiani kuuliza na akarudi mdogo. Ndiyo, ilikuwa rovu. Kina Masanja walikuwa wamezaliana na ukoo mmoja wenye rovu zamani, wakaapa hawarudii. Shangazi hakula siku ile. Kukataliwa mtu anakataliwa, alisema, hata Bwana Yesu alikataliwa kwao, lakini kusingiziwa shingo hapana. Kesho yake asubuhi alinivuta kama mbuzi wa mnada mpaka hospitali ya misheni, kudai cheti chenye muhuri kwamba shingo yangu ni safi, ili akakisome mwenyewe bomani kwao, mbele ya ng'ombe wao. Leo ninapokumbuka mwendo ule natamani kucheka na kulia pamoja. Miezi yote ile nilipokuwa naanguka hatukwenda hospitali, kwa sababu nilikuwa nimepona. Tulikwenda kwa hasira.

Sista daktari alikuwa Mfipa, mfupi, na alipotusikiliza alikuwa anaandika kitu kingine. Alinipa mkono na hakuuachia. "Mkono wa baridi hivi, mwezi wa kumi?" Akasimama nyuma yangu, akanipa kikombe cha maji nimeze huku vidole vyake vikipapasa koo. Kisha akanikalisha juu ya meza miguu ikining'inia akanigonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Sote watatu tukautazama mguu. Mguu ukafikiri kwanza, ndipo ukanyanyuka, na ukarudi chini kwa uvivu kama mzee anayekaa. Sista akacheka, nasi tukacheka kwa sababu yeye amecheka. Akauliza naimba sauti ipi kanisani. "Ya nne," nikasema, kwa sauti ya nne. Akaacha kucheka.

"Insulini anachoma kiasi gani?"

Shangazi akamwambia kwa majivuno, akamweleza na mengine yote: bluu, novena, mzizi kidogo kwa sababu ni mtu wa haki, na misa ya Jumapili ambapo tunaacha. Sista akaweka kalamu mezani.

"Mama, Jumapili mtakuwa na misa ya shukrani. Kabla ya Jumapili nyingine mtakuwa na ya mazishi."

Sista akaeleza polepole, akimtazama shangazi usoni. Ndani ya mwili kuna mgambo wa kulinda, na wangu walikuwa wamepotoka, wakalivunja duka linalotengeneza insulini nikiwa bado msichana mdogo. Mgambo wa namna hiyo hawatosheki na duka moja. Sasa wamehamia shingoni, kwenye tezi inayoupa mwili mwendo wake. Inatokea mara nyingi kwa watu wa kisukari changu, alisema, ndiyo maana shingo zao zinatakiwa kutazamwa hata kama hawajaposwa. Tezi ikizimika kila kitu kinapunguza mwendo: damu, matumbo, akili, sauti, hata insulini yenyewe inakaa mwilini muda mrefu bila kuisha, ndiyo sababu kidogo kilitosha. Kidogo, alisema. Siyo sifuri. Unene ule ulikuwa uvimbe. Damu yangu itasafiri kwa treni kuthibitisha, kisha nitameza kidonge kila asubuhi maisha yangu yote, na nikichangamka insulini itapanda tena ilikokuwa.

Shangazi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga. "Kwa hiyo mnamrudishia sukari yake," alisema.

"Haikuondoka, mama."

"Na cheti?"

"Cheti naandika. Kitasema ana rovu."

Tulirudi nyumbani. Shangazi aliingia jikoni, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilia kilio kisicho cha sala. Alikuwa ameuambia mji mzima. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya choo anakula majani ya mihogo ya watu. Nilisimama mlangoni na blanketi langu nikamwambia tuahirishe, akajibu bila kugeuka kwamba misa haiahirishwi kama mechi. Mpaka Jumapili nilipoenda kukaa kwenye benchi la besi sikujua atafanya nini. Nilimjua vizuri. Aliogopa aibu kuliko kifo, na kifo kilichozungumzwa kilikuwa changu.

Kanisa lilijaa. Hata Mzee Mlela alivaa koti la reli. Matoleo yalipofika wakapita wenye kuku, wakapita wenye mchele na mahindi, kisha shangazi akatoka peke yake na sahani iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na watu wakaanza vigelegele kabla hajafika. Padri alipokea sahani, akafunua, akainua chupa na bomba juu watu wote waone, akaviweka altareni kati ya mchele na kuku waliofungwa miguu. Shangazi alipaswa kuinama na kurudi. Hakurudi. Vigelegele vikafifia kimoja kimoja. Padri akainama kumuuliza kuna nini, naye akajibu kwa sauti ya sokoni, kwa sababu nyingine hakuwa nayo.

"Baba, umeshaibariki?"

"Nitabariki vyote pamoja, mama."

"Hiyo ibariki sasa, unipe. Kuku nimetoa, mchele nimetoa. Hiyo sitoi. Mtoto hajapona. Niliwadanganya, na mimi mwenyewe nilidanganyika."

Kulikuwa na kicheko, kisha hakikuwepo. Padri alikuwa mtu mwema. Alichora msalaba juu ya chupa, akamrudishia. Shangazi akaichukua kwa mikono miwili, na badala ya kurudi kwenye benchi lake akaja moja kwa moja kwenye kwaya, mbele ya mji wote aliouambia nimepona, machozi yakimtiririka na kidevu juu. Wazee wa besi wakampisha. Mpaka siku ile yeye ndiye aliyekuwa akinichoma sindano, kila siku. Sikuwahi kuishika mwenyewe. Akaniwekea chupa kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Shika mwenyewe," akasema. "Asikunyang'anye mtu. Hata mimi."